Siku nane na mifuko ya udongo: Morogoro, Kilolo mpaka Tukuyu

Kwanza nijieleze. Mimi ni fundi wa maabara, kazi yangu ni kupima udongo, nipo chuoni Morogoro mwaka wa sita sasa, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuona hata siku moja udongo unachimbwa wapi. Mimi unanifikia kwenye bahasha ya kaki, umekauka, umechekechwa kwenye chekecho la milimita 2, una namba, napima natoa majibu naenda kula. Sasa kijana anayeendaga fildi akashikwa na taifodi siku mbili kabla ya safari, Dokta, mwenye utafiti, akaingia maabara akaniangalia kutoka juu mpaka kwenye kandambili akasema "utaenda wewe." Ndo hivyo.

Tulichokuwa tunatafuta ni mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi, wadudu na mavi ya ng'ombe yaliyooza mpaka hayatambuliki tena, yakashikana na udongo wenyewe. Dokta anataka kulinganisha mashamba yanayochomwa moto kila mwaka na sehemu za jirani ambazo moto haufiki, kuanzia Iringa mpaka Rungwe. Nilikuwa naandika kila usiku kwenye simu, haya ni yaleyale nimeyanyoosha kidogo tu.

SIKU YA 1, JUMATATU

Tumetoka Morogoro saa 11 alfajiri, gari la kukodi, pikapu dabo kebini, mimi, Dokta na dereva ambaye wote tunamwita Suka. Nyuma kuna auga (chuma cha kuzungusha cha kutobolea udongo), sepetu, jembe, ringi za chuma za kuchukulia udongo bila kuubomoa, mzani mdogo, dumu la maji, kreti za vifuko vya zipu na turubai. Dokta akauliza "penseli umebeba?" nikasema ndiyo Dokta. Nilikuwa nayo moja kweli, ila iko chini ya begi la nguo, mfukoni nina maka peni mpya mbili nilizonunua kwa hela yangu na nilikuwa najisikia mtu wa maana. Kumbukeni hiyo penseli.

Mikumi tukapita taratibu, twiga, swala pala wengi, tembo watatu wako mbali. Dokta hanaga habari na wanyama, yeye alisoma Ujerumani, Halle, na ukimpa kilomita mia atakuhadithia Halle. Anasema kuna shamba pale chuo kikuu, profesa mmoja Julius Kühn alianza kulima rai mwaka 1878, rai ni ndugu yake ngano wanatengenezea ile mikate myeusi, na mpaka leo inalimwa palepale kila mwaka, kipande kimoja kinapewa samadi, kingine mbolea ya chumvichumvi, kingine hakipewi kitu kabisa.

Suka akapunguza hadi mwendo. "Hakipewi kitu tangu huo mwaka na wanavuna?"

"Wanavuna, ila kidogo."

"Basi huyo mwenye shamba ana moyo."

Halafu Dokta akatoa ya Rothamsted, Uingereza, hii ndo ilinikaa. Kuna shamba la shayiri pale lilianza 1852, kipande kimoja kikawa kinawekewa samadi kila mwaka, ilipofika 1871 wakaacha. Wakaacha kabisa, hakijaongezwa hata toroli moja toka hapo. Na mpaka leo ukipima, kile kipande bado kina mboji zaidi ya jirani yake ambaye hakuwahi kupewa samadi. Yaani mavi ya ng'ombe wa zamani za kina Livingstone bado yanaonekana kwenye vipimo! Mimi nimepima maelfu ya sampuli na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hiyo.

Ruaha Mbuyuni vitunguu, Kitonga tukakwama nyuma ya malori kama dakika arobaini, Ilula nyanya kwenye matenga hadi barabarani. Iringa saa 9 alasiri. Jakaranda zimechanua mji mzima zambarau. Usiku baridi, na mimi nimebeba shuka moja.

SIKU YA 2, JUMANNE

Hii ndo siku yenyewe, nitaandika ndefu.

Tumeenda kijiji kimoja wilaya ya Kilolo, jina naliacha. Huwezi kuingia shamba la mtu na auga hivi hivi, unaanzia ofisi ya mtendaji, unatoa barua yenye muhuri, unasaini kitabu cha wageni, bwana shamba anaitwa, anakuja na bodaboda, mnasalimiana, Kamwene, Kamwene, ndo mnaanza kuelezana. Imetuchukua mpaka saa 4.

Na habari zilishatangulia. Tunafika shambani tumekuta vijana kama kumi wamekaa kwenye ukingo wanatuangalia, mmoja akamuuliza Suka kwa sauti ya chini kama tuna ramani. Ramani gani? "Ya rupia za Mjerumani," zile hela ambazo watu wanaamini Wajerumani walizifukia. Suka kwa ujinga wake akajibu kuwa Dokta amesoma Ujerumani, kwisha habari, kuanzia hapo kila nikizungusha auga kuna vichwa kumi juu ya shimo.

Mwenye shamba ni mzee wa miaka sabini na kitu, mpole, ana kofia ya sufi jua lile. Shamba lake ni mahindi, lipo kwenye mteremko, udongo mwekundu wa kahawia, na huwa analichoma kila mwaka mwezi wa kumi kabla ya mvua, alisema mwenyewe bila kuficha. Mimi nilidhani Dokta ataanza kuhubiri. Hakuhubiri. Alichuchumaa akamuuliza "Shikamoo baba, unachoma kwa nini?" na mzee akajibu kama anayemweleza mtoto wake:

Moja, panya. Mabua yakikaa panya wanajaa humo. Mbili, jembe la mkono, huwezi kulima juu ya mabua na yeye nguvu zimeisha. Tatu, na hii ndo ilimfanya Dokta atoe daftari, anasema mwaka mmoja aliambiwa na watu wa mradi asichome, afukie, akafukia, mahindi yakatoka ya njano kama yana homa. Mwaka wa pili akarudi kwenye moto na mahindi yakawa ya kijani.

Na mzee yuko sahihi, hili nalijua maana ni kemia. Mabua yana kaboni nyingi sana na naitrojeni kidogo, ukiyafukia siku chache kabla ya kupanda, vile vidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni kuliko iliyopo kwenye bua, vinaichukua kwenye udongo, mahindi yanakosa. Mpaka yaoze vizuri ndo inarudi. Na majivu nayo yana potasiamu na kalisi, yanapunguza uchachu, kwa hiyo mwaka huo wa moto mahindi yanafurahi kweli. Kinachopotea hukioni, naitrojeni na salfa na kaboni yote ile vinapanda na moshi. Mtu wa mradi alimwambia afukie, hakumwambia afukie lini.

Sasa pembeni ya shamba kuna makaburi ya ukoo. Miti ya asili michache, nyasi ndefu, na kuzunguka pale mzee hukata njia ya moto kila mwaka moto usiingie kwa wazee. Hapajalimwa wala kuchomwa, anasema, tangu baba yake hajazikwa hapo. Dokta alipoona macho yakamtoka. Hiyo ndo jozi aliyokuwa anaitafuta, udongo uleule, mteremko uleule, hatua kumi katikati yake, mmoja umechomwa miaka yote na mwingine haujaguswa.

Mzee akakataa. Kwa adabu, lakini akakataa, huwezi kuchimba kwa wazee. Na ukichanganya na habari za rupia, mnaelewa. Dokta hakubishana, akasema sawa baba, tukaendelea na shamba. Unatembea zigizaga, unachoma auga sehemu kama kumi na tano, sentimita 0 mpaka 20 unaweka ndoo hii, 20 mpaka 40 ndoo ile, unachanganya, unagawa mara nne unatupa robo mbili, mpaka ibaki kama nusu kilo, unatia kwenye kifuko, unaandika. Auga ya kwanza inafurahisha. Ya tisa kiganja kimetoka lengelenge. Ile ardhi mwezi wa kumi ni tofali.

Kufika saa 8 mzee ametuita kwenye kivuli, tumepewa ugali na maharage, akawa anatuangalia tunavyokula, halafu akasema kwa pembeni kule, nje ya mawe, kwenye nyasi, mnaweza. Ila mchimbe nyie wawili tu, hao vijana wabaki huku, na mkimaliza mfukie. Akaenda mwenyewe mbele, akavua kofia, akasimama akasema maneno kwa Kihehe, mafupi, akageuka akatuambia haya.

Auga iliingia kama kwenye mkate. Mimi nikadhani nimepiga shimo la panya. Nikaivuta, ile sentimita ishirini ya juu ni nyeusi ya kahawia, imejaa mizizi myembamba, inamong'onyoka kwenye punje punje kama ugali wa jana uliopukuchuliwa, na ina harufu ile ya mvua ya kwanza, mwezi wa kumi, kwenye jua. Nikamwita Dokta anukie, akanukia, hakusema kitu. Chini yake, 20 mpaka 40, unaanza wekundu.

Dokta ana kile kitabu cha rangi cha Munsell, kina vipande vya rangi kama vya duka la rangi za nyumba, unalowesha udongo kidogo unaulinganisha. Akaweka mbele yake vinne, juu na chini ya shamba, juu na chini ya makaburi. Akavipanga upya. Akavipanga tena. Halafu akaniuliza, "Hebu niambie, hivi viwili nikuchanganyie, utavitambua?" Kimoja ni udongo wa JUU wa shamba, kingine ni wa CHINI wa makaburini. Rangi moja. Ukurasa mmoja, kipande kimoja.

Nikaandika vifuko kwa maka peni yangu mpya, herufi kubwa safi. Tukafukia mashimo. Mzee akauliza majibu lini, nikasema baba nitakupigia mimi mwenyewe, nikachukua namba yake. Nimelala saa 2 usiku kama gunia.

SIKU YA 3, JUMATANO

Asubuhi binti wa yule mzee akatuita twende tuone vinyungu vyake, maana jana aliposikia habari za kufukia alicheka. Vinyungu kwa wasiojua ni matuta bondeni, kiangazi maji yakipungua watu wanalima kule mahindi ya kuchoma, maharage, mboga. Tukashuka. Dunia nyingine, kijani, huku juu mlima wote umekauka.

Anachofanya yule dada ni hivi: anafyeka nyasi, anazilaza, anazifunika na udongo wa tope kutoka kwenye mtaro, anaacha. Wiki kadhaa. Halafu ndo anapanda. Alifukua tuta moja kwa mkono akanionyesha, nyasi zimeshakuwa laini nyeusi, nyungunyungu wanene. "Sasa mnataka mfukie leo mpande kesho?" akaniuliza mimi, kama vile mradi ulikuwa wangu. Kwa hiyo kwenye nyumba hiyohiyo, baba anachoma juu na binti anafukia chini, na wote wana sababu. Kule juu hakuna unyevu wa kuozesha kitu kiangazi, hiyo Dokta aliiandika na kuipigia mstari.

Mchana Mafinga. Misitu ya misindano ya Sao Hill inaanza haiishi. Tukachukua pembeni kwa kibali, kapeti la sindano kavu nene unazama, mimi nikaanza kulijaza kwenye ndoo, Dokta akanizuia, hilo halihesabiwi, unalifagia kwanza, udongo unaanza chini ya hapo. Na chini ya kapeti lote lile udongo umepauka kuliko nilivyotegemea. Sindano ni chachu, zinaoza polepole, wadudu wa kuzichanganya ni wachache, zinabaki juu juu.

SIKU YA 4, ALHAMISI

Makambako, Igawa, tukashuka Usangu. Joto. Hapa mashamba ya mpunga, udongo mweusi tii, umepasuka nyufa unaweza kutumbukiza simu na usiione tena. Mimi nikasema kwa kujiamini Dokta hapa tutapata mboji ya kutosha. Akanicheka. Weusi wa udongo wa mbuga kama huu unadanganya, ni aina ya mfinyanzi wenyewe, mboji kidogo tu imeshikana nao na kuupaka rangi yote. Kitabu cha rangi kwa hiyo ni cha kulinganisha jirani na jirani kwenye udongo wa aina moja, siyo Kilolo na huku Usangu.

Halafu mkanda wa feni ukakatika. Masaa matano tumekaa chini ya mwembe. Suka akalala. Nilikula maembe mabichi na chumvi, tumbo likanisumbua mpaka Mbeya.

SIKU YA 5, IJUMAA

Mbeya. Kutwa nzima kuanika sampuli kwenye magazeti kwenye veranda ya gesti, muhudumu hajapenda. Zilizokuwa na unyevu zote nikazirudisha kwenye vifuko jioni. Baridi ya Mbeya isikie kwa mwingine.

SIKU YA 6, JUMAMOSI

Kutoka Uyole unashika barabara ya Tukuyu, unapanda Isongole kwenye viazi mviringo, mlima Rungwe uko pembeni umevaa wingu, unashuka upande wa pili na kila kitu kinabadilika. Migomba, chai, kahawa, parachichi, mvua. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kule Kilolo juu wakipata nusu ya hiyo wanashukuru. Na ardhi yote ile ni majivu ya volkano, Rungwe yenyewe imelala siku nyingi ila Kyejo hapo jirani ilimwaga lava miaka kama 200 tu iliyopita.

Shamba la leo ni la bibi mmoja, migomba imechanganyika na kahawa na maharage, ng'ombe wawili bandani, samadi inatoka bandani inaenda shinani, majani ya mgomba yanakatwa yanalazwa palepale. Hajawahi kuchoma kitu, na siyo kwa elimu. "Nichome nini mjukuu wangu, hapa moto wenyewe wa kupikia unanishinda kuwasha."

Nikachukua ringi ya chuma, ile ya sentimita za ujazo 100, nikaigonga taratibu, nikaitoa imejaa, nikaishika mkononi. Nikadhani haijajaa. Nikaangalia huku na huku, imejaa mpaka mdomo. Ni nyepesi! Udongo mbichi, una maji, na bado ni mwepesi kuliko ule mkavu wa Kilolo, mzani nao ukasema hivyohivyo. Dokta akasema tulia, uzito wa kuandika ni baada ya oveni nyuzi 105 usiku mzima, lakini alikuwa anatabasamu. Udongo wa majivu ya volkano ndo ulivyo, umejaa vitundu. Ukiufinya kwenye vidole kwanza ni mgumu kidogo, halafu ghafla unateleza kama umepakwa mafuta, ukiachia unarudi.

Akatoa na mchezo mwingine, karatasi ya chujio iliyoloweshwa fenolifthaleini, unaweka punje ya udongo, unadondoshea sodiamu floraidi. Watoto wa jirani wamezunguka. Sekunde chache karatasi ikawa nyekundu kama mtu amejikata kidole, watoto wakakimbia wakarudi. Hiyo ni dalili ya yale madini ya majivu ya volkano, ndo yanayoikumbatia mboji isiliwe na vidudu haraka, ndo maana udongo wa kule ni mweusi mpaka chini kabisa auga inapoishia. Lakini yanakumbatia na fosforasi hivyohivyo, kwa hiyo mkulima anamwaga mbolea ya kupandia na mmea unaambulia kidogo. Bibi kusikia hivyo akasema kumbe, maana yeye aliacha kununua, akidhani anauziwa feki.

Tukapewa ndizi na maharage, ndaga, ndaga fijo (asante sana), tukaondoka saa 11 jioni. Njiani mvua, mvua ya Tukuyu ile ya kumwagwa na ndoo. Mimi nimeshiba, nimekaa mbele, nasikia turubai linapiga pwa pwa pwa huko nyuma na nikajisemea upepo huo.

SIKU YA 7, JUMAPILI

Turubai nilikuwa nimelifunga upande mmoja.

Asubuhi nafungua kreti, ya chini kabisa imekaa kwenye maji ya vidole vitatu, na hiyo ni kreti ya Kilolo. Vifuko vimefunga vizuri, udongo ndani ni salama, ila zile herufi zangu kubwa safi zimeyeyuka na kusuguana, vifuko sita havina jina. Maka peni niliyoambiwa haifutiki. Na karatasi ya ndani iliyoandikwa kwa penseli, ambayo kila mtu wa fildi anaweka na mimi nikaona ni kujichosha, hakuna. Grafaiti, ile nyeusi ya penseli, haiyeyuki kwenye maji, hiyo naweza kukufundisha hata usingizini, ila kuifanya ndo hivyo.

Nilifikiria kukisia. Nasema ukweli. Nilikaa kwenye ngazi za gesti na maka peni mkononi kama dakika tano, nani angejua.

Nikaenda kumgongea Dokta. Akaja na khanga begani, akaangalia, akauliza "penseli iko wapi?" nikasema kwenye begi la nguo. Basi. Hakusema lingine lolote, na bora angenitukana. Akaleta daftari lake na kitabu cha rangi tukakaa sakafuni. Juu ya makaburi, ile nyeusi yenye mizizi, hiyo hata Suka aliitambua. Vitatu vingine tukavipata kwa mawe, kwa rangi, kwa uzito alioandika. Vikabaki viwili. Na nyie mnavijua ni vipi. Juu ya shamba la mzee, na chini ya makaburi. Tulivishika mmoja mmoja, tukalowesha, tukafinya, tukanusa, tukapelekea mwanga wa dirishani. Akaandika kwenye vyote viwili, kwa penseli, alama ya kuuliza.

SIKU YA 8, JUMATATU

Mbeya mpaka Morogoro moja kwa moja. Hakuna aliyesimulia Halle.

WIKI MBILI BAADAYE, MAABARA

Hapa ni kwangu. Njia tunayotumia ni ya Walkley na Black, ya mwaka 1934, ya zamani lakini ya bei nafuu. Unapima gramu moja ya udongo, unatia dikromati ya potasiamu mililita 10, ina rangi ya chungwa kama Fanta, halafu asidi salfuriki kali mililita 20, chupa inachemka yenyewe mkononi, unaacha nusu saa. Dikromati ndo inaunguza kaboni, asidi inaleta joto na kuisaidia, na dikromati inatumika kwenye kuunguza. Iliyobaki unaipima kwa bureti, kile kibomba cha kioo chenye vipimo, tone kwa tone, mpaka bluu iliyoiva igeuke kijani ghafla. Ukijua iliyobaki unajua iliyoliwa, ukijua iliyoliwa unajua kaboni, unazidisha kwa 1.724 unapata mboji.

Ya bibi wa Tukuyu haikufika hata kwenye bureti. Nimetia asidi, nimegeuka kuchukua saa, nageuka chupa imeshakuwa kijani kibichi. Dikromati yote imeliwa, na kaboni bado ipo. Nikarudia na nusu gramu, kijani. Nikarudia na gramu 0.2, ndo ikakubali kupimika. Nikaenda kumwita Dokta aje aone zile chupa mbili za kijani, tukasimama tunaziangalia kama watu wameona mtoto mchanga. Hiyo ndo mara ya kwanza tangu safari aliongea na mimi zaidi ya kazi.

Halafu ile miwili yenye alama ya kuuliza. Nilipima mara tatu kila mmoja. Bureti ilisimama karibu palepale, tofauti ni matone. Yaani hata kemia haikuweza kuniambia upi ni upi. Nikampelekea Dokta namba nikamwambia si jibu ndo hilo, udongo wa juu wa shamba umeshakuwa kama wa chini wa makaburini, tuandike. Akasema ni kweli linaonekana hivyo, na hatuandiki, kwa sababu hatujui upi ni upi, na mtu akituuliza tutasema nini, tulinusa? Akakata mistari miwili kwenye jedwali kwa rula.

Jioni hiyo simu inaita, yule mzee. Kamwene baba, shikamoo. Anauliza majibu yake. Nikamwambia ukweli wote, mvua, turubai, maka peni. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamwelezea mtu pembeni kwa Kihehe, huyo mtu akacheka sana, nadhani ni binti. Akarudi kwenye simu akasema hakuna shida kijana wangu, njoo uchimbe tena, ila njoo wiki hii, mawingu yameanza na Jumatatu anachoma.

Nauli natoa mwenyewe, ni haki. Auga ya kuazima, imefungwa kwenye gunia, kondakta pale stendi ya Msamvu kaniuliza kama ni bomba la kisima. Penseli ninazo nne.